Stanis Bujakera: wote tulimutetea, lakini nani alimusoma?



Mudogo wangu wa kike alipata diploma ya Leta, na siku moja tukiwa mezani akasema anataka kusoma uandishi wa habari. Baba hakupiga kelele. Alimuuliza neno moja tu: "Unataka bakufanye sawa Stanis?" Mama akatikisa kichwa, mazungumuzo ikaisha pale pale. Mimi mukubwa wake, mwenye lisansi ya agronomi, mwenye kuandika hapa mara kwa mara juu ya uhuru na maendeleo, nilikula fufu yangu na sikusema kitu.

Usiku njo nilijiuliza. Nyumbani kwetu wote tunajua kama Stanis Bujakera alifungwa. Lakini nani kati yetu anaweza kutaja habari moja, moja tu, yenye huyu mutu aliandika? Hakuna. Hata mimi. Tulijua picha yake, tulijua gereza yake, kazi yake hatukuijua. Basi nilirudi nyuma, nikaanza kumusoma pole pole, vile tunasoma ripoti ya shamba. Yenye iko hapa chini ni maoni ya mutu wa udongo, siyo ya mutu wa fakilte ya mawasiliano. Munivumilie.

Kwanza tukumbushane ni nani. Stanis Bujakera Tshiamala alikuwa naibu mukurugenzi wa Actualite.cd ya Kinshasa, tena aliandikia Jeune Afrique na shirika la habari Reuters. Kazi yake ni siasa ya inchi: serkali, bunge, upinzani, jeshi, na mashitaka yenye kufuatana na hayo yote. Wengi wetu vijana tulimukuta kwenye X, pale alikuwa anatuma habari mbele hata redio haijaamuka.

Kitu cha kwanza chenye nilipenda: habari zake ziko fupi na ziko na etiketi. Wenye walisoma agronomi watanielewa. Ukichukua udongo shambani, unaandika juu ya kifuko jina ya shamba, tarehe, na urefu wa shimo, sentimita 0 mpaka 20. Kifuko kikifika labo bila etiketi, wanakitupa. Hata kama ule udongo ni muzuri namna gani, wanautupa, juu hakuna mwenye anajua ulitoka wapi. Habari za Stanis zinakuambia nani alisema, alisema wapi, siku gani. Haongeze "aibu kubwa", haongeze "shujaa wetu". Katika inchi yenye kila mutu ana simu na kila mwenye simu anajiita mwanahabari, ile adabu ni kitu kikubwa. Haipendeze sana kusoma, lakini ukirudi kisha miezi sita bado unaweza kuitumia.

Lakini sikukuja hapa kumupaka mafuta. Nilipozisoma nyingi kwa mufululizo, kuna njaa fulani ilinishika. Najua nani aliteuliwa. Najua waziri alitangaza nini. Mara chache njo ninajua kama kile kitu kilifanyika. Tangazo ukilipitisha bila kosa hata moja, bado linabaki tangazo. Najua kazi ya shirika la habari iko vile, ni mbio, na mbio haina nafasi ya kurudi shambani kuona kama mbegu iliota. Hata hivyo musomaji wa Kivu anaona kama siasa yote inaanzia Gombe na inaishia Gombe. Ile siasa ya karibu, kodi ya soko, shefu wa groupement mwenye kuuza shamba mara mbili, kijana mwenye analala wiki tatu kwenye kasho ya polisi bila dosie, inabakia kwa waandishi wadogo wa redio zetu. Na wale wengi wanaishi kwa kupaje, ile pesa yenye mwenye mukutano anawapatia juu habari ipite. Hapo etiketi tayari imeuzwa.

Sasa tufike kwenye ile kesi yenye ilimufanya kuwa jina ya kutishia watoto.

Tarehe 13 mwezi wa saba 2023, depite Chérubin Okende, waziri wa zamani na musemaji wa chama cha Moïse Katumbi, alikutwa amekufa ndani ya gari yake Kinshasa. Mwisho wa mwezi wa nane, Jeune Afrique ikatoa habari yenye kutegemea nota yenye ilisemwa kuwa ya ANR, na ile nota ilitaja idara ya upelelezi ya jeshi. Wakubwa wa serkali wakasema nota ni ya uongo. Tarehe 8 mwezi wa tisa, Stanis akakamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili akiwa njiani kwenda Lubumbashi. Kiisha wakamupeleka gereza ya Makala. Ile habari haikuwa na saini yake, na Jeune Afrique yenyewe ilisema siye aliyeiandika.

Hapa niko na neno kwa hiyo gazeti pia, siyo kwa tribinali peke yake. Kutoa habari bila saini ni njia ya kulinda mwandishi, nakubali. Lakini kama habari haina jina, na katika muji wote mwandishi wako mwenye kujulikana ni mumoja, jina watu watalitafuta wenyewe. Watachukua lenye wanaona. Kinga ya mwenye hakusaini iligeuka hatari ya mwenye alikuwa anaonekana. Kila mukubwa wa redaksyo angepaswa kuuliza mbele: tukificha huyu, nani anabaki inje?

Na juu ya maandishi yenyewe: karatasi moja, hata ikiwa ya kweli, ni udongo wa shimo moja. Siye tunafundishwa kutembea shamba lote tukichimba huku na kule, kuchanganya, kiisha kupima. Habari yenye kutaja jeshi ndani ya kifo cha mutu inaomba mashimo mengi, na musomaji anapaswa kuyaona. Mukiniuliza kama karatasi ilikuwa ya kweli, hiyo si kazi yangu kuamua. Ninachosema ni kwamba uzito wa neno na uzito wa ushahidi vinapaswa kukaa kwenye mizani moja.

Lakini kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ulizo lenye mashitaka ilichagua. Miaka fulani nilikuwa nafanya staje kwenye kijiji chenye migomba ilikuwa inakauka kwa kirabiranya. Wakubwa wakaitisha mukutano. Ulizo lilikuwa: nani alileta muche wa ugonjwa? Mukutano wa kwanza, nani alileta. Mukutano wa pili, nani alileta. Mutu mumoja akafukuzwa karibu apigwe. Wakati ule hakuna hata mumoja alikuwa amekata mugomba kuona kama ndani mulikuwa ule uji wa manjano. Ugonjwa ukaendelea na njia yake, juu panga moja ilikuwa inatembea shamba kwa shamba bila kupitishwa kwenye moto.

Kesi ya Stanis ilikwenda vile. Mbele ya tribinali ya Gombe, yenye ilikuwa inakaa ndani ya Makala kwenyewe, wakashughulika na nani alituma karatasi wa kwanza, Telegram ao WhatsApp, anwani ya IP gani. Mashitaka ilikuwa kugushi, mihuri ya serkali, kueneza habari za uongo. Yeye alikana yote. RSF na waandishi wengine wenye walifuata dosie wakaonyesha ule ushahidi wa kompyuta hausimame, na mutu yeyote anaweza kujaribu nyumbani: picha ikipita WhatsApp, inapoteza zile alama za ndani zenye zingekuambia ilizaliwa wapi. Njo kusema kifuko kilifika labo bila etiketi, na labo ikataka kutoa matokeo kwa nguvu.

Tarehe 8 mwezi wa tatu 2024 mwendesha mashitaka akaomba miaka 20. Tarehe 18 tribinali ikatoa miezi 6 na amande ya faranga milioni 1 za Kongo. Miezi ilikuwa imekwisha kupita, akatoka kesho yake. Muangalie vizuri hiyo hesabu. Kutoka 20 mpaka nusu ya mwaka mumoja: kama kosa lilikuwa kubwa vile, adhabu iko kidogo sana. Kama halikuwako, hata siku moja ilikuwa mingi. Hiyo adhabu inafanana sana na nguo yenye walishona kwa kipimo cha siku zenye alikuwa tayari amelala Makala.

Na Okende? Mwisho wa mwezi wa pili 2024, mwendesha mashitaka mukuu wa mahakama ya Cassation alisema alijiua. Chama chake kilikataa. Sisi wasomaji tukabakia na maneno mawili yenye hayapatane. Miezi sita nguvu ya inchi ilitafuta mwenye alituma karatasi. Mugomba ulibaki bila kukatwa.

Sasa zamu yangu kuungama. Ile picha ya nota, mimi pia niliituma. Kwenye grupe ya promosyo yetu, jioni moja, na maneno mawili juu yake: "Muone wenyewe." Sikujua ilitoka wapi. Sikuuliza. Habari ya kukamatwa ilipofika, niliifuta haraka haraka, kiisha nikabadilisha picha yangu, nikaweka ya Stanis. Vyote viwili nilifanya ndani ya wiki moja. Panga bila moto ilikuwa ndani ya mukono yangu, na mimi njo nilikuwa wa kwanza kulia juu ya haki. Ninaandika hii juu najua siko peke yangu hapa.

Kuna kitu kingine Baba hajasahau, hata kama hakukisema mezani. Sisi watu wa Bukavu tuko na majina yetu. Serge Maheshe wa Redio Okapi, aliuawa tarehe 13 mwezi wa sita 2007. Didace Namujimbo wa redio ile ile, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja 2008. Wale hawakupata hata nafasi ya Makala. Mimi nilikuwa mutoto wa shule, ninakumbuka tu vile wakubwa walikuwa wanapunguza sauti ya redio. Nikimuita Baba muoga, nitakuwa natukana kumbukumbu yake.

Lakini kama tunamukumbuka mwandishi kwa kifungo chake ao kwa kifo chake tu, tunasaidia wenye walitaka anyamaze. Tunabakiza hofu, kazi tunaitupa. Stanis alipotoka aliendelea kuandika. Ile njo sehemu yenye hatukuiambia watoto wetu. Hukumu yangu, kama munaitaka: yeye si mwandishi wa kukufanya ulie, na bado ninamungojea siku atatoka kwenye tangazo na kurudi kuona kilichoota. Lakini etiketi yake iko safi, na katika soko yetu ya habari hiyo ni bidhaa haba.

Juzi nilimuita mudogo wangu, nikamupatia simu yangu, tukasoma pamoja habari kumi za Stanis na kumi za redio moja ya hapa. Kila mara nilimuuliza: nani alisema? Wapi? Alijuaje? Kisha ya saba akanikatiza: "Yaya, hii ya redio haina mutu mwenye alisema." Nilinyamaza kidogo. Kiisha nikaenda kumutafuta Baba.

Bado hajakubali. Lakini jana jioni alisikiliza habari, akageuka kwake, akamuuliza: "Na ile, alijuaje?"