Mafundi wa Kifungu na Kifungo

Herufi moja tu hutenganisha kifungu na kifungo. Cha kwanza ni sehemu ya sheria, cha pili ni jela. Mwandishi wa sheria hufanya kazi katikati ya hayo mawili, na kosa lake halifutwi kwa raba. Hurudi bungeni kama muswada wa marekebisho.

Kwa miaka mingi Tanzania iliishi na kioja: wabunge wakijadili kwa Kiswahili muswada ulioandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge likarekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Mzigo ukawaangukia waandishi.

Nao wanaubeba vizuri kuliko tunavyowasifu. Chukua neno “dhamana”. Mshtakiwa huachiwa kwa dhamana, nyumba huwekwa benki kuwa dhamana, waziri naye hupewa dhamana ya wizara. Fundi hulibana neno hilo mahali pake kwa kifungu cha tafsiri, mkopaji asije akasomeka kama mahabusu. Au tazama adhabu: “faini na kifungo” humpeleka mkosaji gerezani, “faini au kifungo” humpa hakimu nafasi ya kuchagua kimoja tu. Ndiyo maana huongezwa “au vyote kwa pamoja”, maneno yanayochosha sikio lakini hayaachi mwanya.

Muswada ukishapita, jina la mwandishi halionekani popote. Sahihi inayowekwa ni ya Rais.