Mpunga wa Kula Leo, Mpunga wa Kuweka

Mchele mpya wa Ifakara hauna siri. Ukiubandika jikoni, kabla maji hayajakauka jirani ameshajua unapika nini. Lakini funua sufuria: wali umeshikana, umelegea, mwiko unatoka na bonge. Mpishi aliyezoea mchele wa dukani ataapa kwamba ametapeliwa. Hajatapeliwa. Ameuziwa mchele wa Juni akaupika kwa maji ya mchele wa Januari.

Kati ya Juni na Januari kuna kazi nzima ambayo watu wachache wa bonde la Kilombero wanaijua kwa undani, nami nimeipenda kuliko kazi nyingi zinazosifiwa magazetini. Sisemi kununua mpunga ukiwa rahisi na kuuza bei ikipanda. Hiyo ni hesabu ya kila mwenye mtaji. Nasema kuchagua: kusimama mbele ya rundo la magunia yanayofanana na kuamua lipi likakobolewe wiki hii, lipi lisubiri Desemba, lipi lisivuke mlango wa stoo. Ulaya wenye uwezo hufanya hivyo kwa mvinyo. Huununua ungali mchanga na mkali, huulaza miaka chini ya nyumba, kisha hubishana siku ya kuufungua. Ifakara hakuna handaki la mvinyo, ila stoo za mpunga zipo, na ubishi upo vilevile.

Bonde limelala kati ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Mito inayoshuka pande zote mbili huujaza mto Kilombero, na masika yakikolea mto hutoka kwenye kingo zake ukatandaza maji na tope mbugani. Ardhi oevu hiyo, karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mkulima mambo ni mafupi zaidi: maji yakija mpunga unakua, yakizidi unazama. Mpunga ukianza kubeba punje mkulima huhamia shambani, akapanda juu ya dungu, akashinda akifukuza ndege. Mavuno huanza kama Mei na kushamiri Juni na Julai, ndipo barabara za kuingia mjini zinapojaa magunia. Zamani mpunga wa ng'ambo, wa Lupiro na Minepa, ulisubiri kivuko. Sasa unapita juu ya Daraja la Magufuli na kufika mashineni siku hiyohiyo.

Na si mpunga wa aina moja unaofika. Kuna Supa, mrefu wa bua na wa punje, wenye harufu, mwepesi kulala upepo ukivuma. Kuna Kula na Bwana, Faya, Kisegese, Mbawambili, Rangi Mbili, Shingo ya Mwali. Kuna SARO 5, ambayo watafiti huiandika TXD 306: bua fupi, mavuno mengi, harufu kiasi. Wakulima wengi wameihamia na sioni sababu ya kuwalaumu, maana ada ya shule hailipwi kwa harufu.

Mama mmoja wa Ifakara aliyeniruhusu kushinda stooni kwake hataki kutajiwa mbegu kwanza. Kijana akishusha mzigo na kumwambia, "Shikamoo mama, Supa hii, safi kabisa," yeye hujibu, "Marahaba," na kunyoosha mkono kudai bambo. Bambo ni kile chuma chembamba chenye mfereji, kinachochomwa gunia na kutoa punje bila kulifungua. Hachomi juu, ambako muuzaji mjanja huweka mpunga wake mzuri. Huchoma ubavuni, karibu na chini, mara mbili tatu, akizungukia gunia upande mwingine. Kisha hufungua moja na kuingiza mkono hadi kiwiko. Mpunga uliofungwa ukiwa na maji hupata joto wenyewe, na joto hilo mkono huligundua kabla pua haijasikia uvundo.

Halafu meno. Huchukua punje moja akaing'ata kwa meno ya mbele. Iliyokauka hukatika kwa mlio. Yenye maji hubonyea kwanza. Mpunga unapokatwa shambani huweza kuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20, na wa kuweka unatakiwa ushuke mpaka kama 14 au chini ya hapo. Kipimo cha betri anacho, kimo kwenye droo. Hukitoa kumaliza ubishi na muuzaji, si kuanza kuamua.

Baada ya meno ni macho, na hapa ndipo nilipoona tofauti kati ya kutazama na kuona. Hufikicha mpunga kidogo kati ya viganja, akapuliza maganda, akainua punje moja moja kuelekea jua. Punje nzuri hupitisha mwanga sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Yenye tumbo jeupe la chokaa haikupata muda wa kujaa vizuri, nayo itavunjika mashineni. Ya kijani ilivunwa kabla ya siku zake. Nyekundu ikichanganyika na nyeupe ina maana mkulima alitunza mbegu bila kuchambua. Mbaya kuliko zote, na ngumu kuiona, ni ile yenye mstari mwembamba unaokata punje kwa upana. Huo ni ufa.

Ufa una historia. Mpunga uliokwisha kukauka ungali shambani ukinyeshewa, au ukilala kwenye umande mzito, punje hunywa maji kwa nje wakati ndani bado kavu. Nje inatanuka, ndani haifuati, punje inapasuka ndani ya ganda bila mtu kujua. Kukausha kwa pupa nako huleta yaleyale: turubai la plastiki, jua la saa saba, hakuna wa kugeuza. Ndiyo maana anayeanika vizuri utamdhania mvivu. Hutandaza tabaka jembamba, hupita katikati yake akiburuta nyayo na kuacha mifereji, jua likichachamaa huukusanya na kuufunika, jua likipoa huutandaza tena. Kazi ambayo mwingine angeimaliza kwa siku moja yeye huinyoosha siku tatu, na siku hizo tatu huyu mama huzisoma kwenye punje mbele ya jua, wiki kadhaa baadaye, bila kuambiwa.

Gunia lenye nyufa halina kosa la kula; lina kosa la kuweka. Mashine nzuri ikikoboa kilo 100 za mpunga hutoa mchele kati ya kilo 60 na 70, lakini kiasi gani cha huo ni punje nzima ni jambo jingine, na punje iliyovunjika huvuja wanga kwenye maji hata ikae stooni mwaka. Gunia hilo hulinunua kwa bei ya chini, akalikoboa mara moja, chenga akawauzia akina mama wa vitumbua. Hasikitiki nalo.

Pua ndiyo ya mwisho. Punje zilizofikichwa huziweka kiganjani, akazipumulia pumzi ya joto mara mbili, akanusa akiwa amefumba macho. Hapo hata kijana aliyeleta mzigo hunyamaza.

Harufu anayoitafuta ina jina la maabara. Mwaka 1982 Ron Buttery na wenzake walitangaza kwamba kiungo kikuu cha harufu ya wali unaonukia ni 2-asetili-1-pirolini, kemikali ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Tabia yake ni kutoroka: kadiri mpunga unavyokaa, ndivyo inavyopungua. Wakati huohuo punje yenyewe inabadilika kwa faida. Kuta za seli zinakaza, protini zinazouzunguka wanga zinashikamana zaidi, wanga hauvuji ovyo. Mchele huo ukipikwa hunywa maji mengi zaidi, huvimba, na kila punje husimama peke yake. Sehemu kubwa ya badiliko hilo hutokea katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, na joto la bondeni huliharakisha.

Kwa hiyo anayeweka mpunga anatoa harufu ili apate wali unaochambuka. Ustadi wote umo katika kukadiria mabadilishano hayo kwa kila gunia. Supa yenye harufu kali ina akiba ya kupoteza. Inaweza kukaa mpaka Januari na bado mlango wa jiko ukanukia. Supa yenye harufu ya wastani, kwa maoni ya mama huyu, iliwe mapema, hata kama itashikana kidogo, kwa kuwa ikikaa itabaki haina hili wala lile. SARO 5 huiweka bila huruma, kwani haina harufu nyingi ya kulilia, na wali wake wa mwezi wa kwanza ni mzito. Nilimuuliza kama mpunga wa miaka mitatu si bora kuliko wote. Alicheka. "Mwanangu, huo ni wa kuku."

Wahindi wangembishia. Basmati hutangazwa kwa umri wake, mwaka mmoja, miaka miwili, na mpishi wa biriani hulipia umri huo kwa furaha. Wajapani nao husubiri mchele mpya wa vuli kwa hamu na kuulipia zaidi ya wa mwaka jana. Sidhani kama kuna aliyekosea. Mmoja anataka punje ndefu ipite kwenye mchuzi bila kuvunjika, mwingine anataka wali unaonyanyulika kwa vijiti. Sisi tunakula kwa mkono, tunahitaji ushikamane kidogo uweze kukunjwa tonge, na huenda ndiyo sababu ladha ya huku imesimama katikati.

Jambo moja halina mjadala stooni: huwekwa mpunga, si mchele. Mashine ikishavua ganda na kukwangua pumba, mafuta yaliyokuwa yametulia hukutana na hewa na kuanza kuchacha, na ile harufu ya ukale inayowakera watu kwenye mchele wa dukani hutoka hapo. Ganda pia humchosha fukusi, ingawa halimzuii nondo wa nafaka. Magunia hukaa juu ya vichaga vya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu sakafu ya saruji hupitisha unyevu usiku. Paa hukaguliwa kabla ya vuli. Mengine ni panya na paka.

Kilichonivutia zaidi ni daftari la shule lililofungwa kwa uzi kwenye msumari. Kila gunia limeandikwa kwa wino mzito mwezi, mbegu na kijiji, na daftari limebeba yaliyobaki: mvua ilikatika lini, ulianikwa siku ngapi, ulishuka na unyevu gani. Safu ya mwisho ni ya sufuria. Kila mwezi huchota kidogo katika kila fungu, akatwanga kwenye kinu cha mkono, akapika kijungu kimoja kwa maji yaleyale na moto uleule, akala bila mboga. Anachoandika ni neno moja au mawili: bado. Umeanza. Sasa. Umepita. Nilipekua kurasa za nyuma nikaona fungu moja la Kisegese lililokaa kwenye "bado" hadi Novemba, kisha likaruka "sasa" na kuangukia "umepita". Hata yeye hajui kwa nini, na hakulifuta.

Inabidi niseme pia kwamba kusubiri ni anasa. Aliyelima Supa ile nzuri mara nyingi ndiye anayekula mchele mpya, kwa kuwa deni la pembejeo linaiva pamoja na mpunga, na wapo wanaouza zao lingali kijani shambani. Stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005, ulikusudiwa kumpa mkulima nafuu ya kuweka mazao ghalani na kungoja bei. Hata hivyo mkulima anayeweza kuficha magunia mawili darini kwa ajili ya nyumba yake, yakiwa yamekauka sawasawa, hula wali ambao hoteli nyingi za Dar es Salaam haziufikii. Kinachokosekana kwake ni nafasi ya kungoja, ujuzi anao.

Wateja wa stoo hii huja na shughuli zao. Mwenye pilau ya Idi huulizwa idadi ya watu na kama atapikia kuni au gesi, kisha huelekezwa kwenye SARO ya mwaka jana, na akitaka kuonekana, kwenye Supa ya miezi minane. Mwenye mgonjwa hupewa mchele mpya wa kupondeka. Wote huambiwa kiasi cha maji, na mchele ukiwa wa miezi mingi huambiwa waongeze na wauloweke kwanza.

Yeye mwenyewe hula wa Septemba. Miezi mitatu baada ya mavuno, anasema, Supa ya kandokando ya mto inakuwa imeacha kushikana na haijaanza kusahau inavyonukia, na ukiupika kwa nazi, kambale pembeni, huhitaji kitu kingine. Gunia hilo lina alama ya msalaba, limeegemezwa nyuma ya mlango, na haliuzwi. Nilipandisha bei mara mbili.