Saa Arobaini Bila Wingu

Juni ikiingia, Njombe huamka ndani ya wingu. Pepo za kusi hukutana na milima, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na manyunyu yanayolala juu ya mashamba ya chai ya Luponde na Kibena hadi jua lipate nguvu, na siku nyingine kutwa nzima. Siku hiyohiyo Makambako, kilomita 60 hivi kaskazini, inaweza kuwa na anga nyeupe na upepo mkavu unaopeperusha vumbi la njia panda ya Songea. Kwa dereva wa lori la viazi, tofauti hii ni ya kuwasha taa na kupunguza mwendo. Rubani hana uwezo huo, kwa maana ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi haielei tena. Ndiyo maana kuna idhini maalumu inayoongezwa kwenye leseni yake, idhini ya kuruka kwa kutegemea ala za kwenye dashibodi peke yake, bila kuona nje. Nataka kuichambua idhini hiyo kwa macho ya mtu anayeangalia anga la Nyanda za Juu Kusini, kwa sababu naamini masharti yake yanahesabu saa vizuri lakini hayaulizi saa hizo zilitumika wapi.

Tanzania, kama nchi nyingine zilizojiunga na Mkataba wa Chicago wa 1944, hujenga kanuni zake za leseni juu ya Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo. Msingi wake ni huu: anayeomba idhini ya ala kwa ndege awe na saa 50 za safari za kutoka kiwanja hadi kiwanja akiwa yeye ndiye rubani kiongozi, na saa 40 za kuruka kwa ala. Katika hizo 40, saa 20 zinaweza kufanyika ardhini kwenye mashine ya mazoezi, na zikifanyika kwenye simuleta kamili zinaweza kufika 30. Angalau saa 10 ziwe hewani pamoja na mwalimu. Kuna mitihani ya sheria, hali ya hewa, uongozaji wa safari, udhaifu wa mwili wa binadamu na mawasiliano ya redio, na masikio hupimwa kwa kiwango cha rubani wa biashara hata kama mwombaji ni rubani binafsi. Hewani, mwanafunzi huvaa kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona kioo cha mbele, naye mwalimu hukaa pembeni akiangalia nje. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kumaliza saa 30 ndani ya chumba chenye kiyoyozi, saa 10 chini ya ukingo wa kofia siku yenye anga safi, akafaulu, akapewa idhini ya kuingia mawinguni, ilhali hajawahi kuingia katika wingu hata moja. Kanuni haijavunjwa popote.

Ili kuona kwa nini jambo hili lina uzito, inabidi kurudi kwenye sikio. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji, ambayo ndiyo humwambia binadamu kwamba anageuka. Mirija hiyo huhisi kuanza kugeuka na kuacha kugeuka. Kugeuka kwenyewe, kukiendelea kwa kasi ileile, haikuhisi. Mwaka 1926 huko California, William Ocker, rubani wa jeshi la Marekani, alikalishwa na daktari David Myers kwenye kiti kinachozunguka, macho yakiwa yamefungwa. Kiti kikizunguka kwa kasi isiyobadilika, baada ya muda mfupi aliyekalishwa husema kimesimama. Kikipunguzwa kasi, huapa kwamba sasa kinazunguka upande wa pili. Kikisimama kabisa, yeye bado anazunguka. Ocker alikuwa rubani mzoefu na alidanganyika kama mtu mwingine yeyote, na hapo akaelewa kwamba uzoefu hautibu sikio. Kinachotibu ni kuangalia kipimo na kukiamini kuliko mwili. Miaka mitatu baadaye, tarehe 24 Septemba 1929, Jimmy Doolittle aliondoka kwenye kiwanja cha Mitchel Field, New York, akiwa amefunikwa turubai, akazunguka na kutua kwa dakika 15 bila kuona nje, akitumia upeo bandia na dira ya jairo kutoka kampuni ya Sperry, kipimo sahihi cha kimo, na mawimbi ya redio. Luteni Benjamin Kelsey alikaa kiti cha mbele, mikono hewani, tayari kuokoa.

Chuo Kikuu cha Illinois kilichapisha mwaka 1954 jaribio lililoweka tarakimu kwenye hatari hii. Watu 20 wasio na mafunzo ya ala waliwekwa katika hali ya kutoona nje, ndege ikiwa hewani. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wa kwanza alichukua sekunde 20, wa mwisho 480, na wastani ukawa sekunde 178. Dakika tatu hazitoshi hata kuchemsha chai. Karibu wote waliishia kwenye mzunguko wa kushuka ambao mwili wao uliwaambia ni mwendo ulionyooka. Jaribio hilo hutajwa sana kama hadithi ya kutisha, lakini sehemu yake ya pili ndiyo yenye faida: walewale walipofundishwa kwa saa chache njia rahisi ya kugeuza ndege na kurudi walikotoka kwa ala, karibu kila mara walifanikiwa. Mafunzo yanafanya kazi, na sina ubishi na hilo hata kidogo.

Ubishi wangu uko kwenye mahali. Simuleta ya mafunzo ya kawaida haisogei, au husogea kidogo. Majimaji ya sikioni yanabaki yametulia. Mwanafunzi anajifunza kupitisha macho kutoka upeo bandia kwenda kwenye kimo, kurudi kwenye upeo, kwenda kwenye dira, kurudi, na huo ni ustadi wa kweli. Lakini anaufanya bila yule adui ambaye ustadi uliumbwa kwa ajili yake, kwa sababu hakuna sauti ndani ya kichwa inayompigia kelele kwamba ndege imelala kushoto wakati kipimo kinasema iko sawa. Kofia nayo ina upungufu wake. Mwanga wa jua unapita pembeni ya shavu, kivuli cha bawa kinatembea juu ya dashibodi, na mwili unapata habari za upeo bila mwenye mwili kujua. Ndani ya wingu halisi mwanga ni mweupe pande zote, hauna juu wala chini, ndege inatikisika, matone yanapiga kioo, na mwongoza ndege anauliza kimo chako katikati ya hayo yote.

Walimu watapinga, nao wana hoja nzito. Watasema kwenye simuleta unaweza kuua injini, kuzima upeo bandia, kusimamisha saa, kueleza kosa na kurudia mara kumi kwa gharama ya mara moja, mambo ambayo hewani ama ni ghali ama ni hatari. Ni kweli, na nisingependa saa hata moja ya simuleta ifutwe. Utaratibu wa kukaribia kiwanja hujifunzwa vizuri zaidi ardhini. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba simuleta inafundisha utaratibu. Haithibitishi kwamba inafundisha kulikataa sikio, na hayo ni masomo mawili ambayo kanuni imeyaweka kwenye kapu moja la saa 40, kana kwamba saa ya moja inalipa deni la nyingine.

Hapo bado sijagusa ardhi, na Njombe ni ardhi kabla ya kuwa anga. Kiwanja chake kiko karibu futi 6,400 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 18 tu, ambayo wenyeji wataiita siku ya kawaida, hewa ya pale ina wepesi wa kimo cha futi 8,300 hivi, na injini ya pistoni na bawa vinahisi hivyo. Magharibi kuna safu ya Kipengere, ambako kilele cha Mtorwi kina mita 2,961, yaani futi 9,715 hivi. Sheria ya kimataifa inamtaka anayeruka kwa ala kwenye eneo la milima apite angalau futi 2,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8 kutoka alipo. Jumlisha, unapata zaidi ya futi 11,700. Sasa chukua Cessna 172, ndege ambayo sehemu kubwa ya wanafunzi duniani hujifunzia. Matoleo yake ya karibuni hufikia ukomo wa kazi kati ya futi 13,500 na 14,000, na ukomo huo maana yake ni kimo ambacho ndege inapanda futi 100 tu kwa dakika. Juu ya Kipengere, basi, mwanafunzi anakuwa na akiba ya futi 2,000 hivi, injini inayopumua kwa shida, na mwili wake mwenyewe umepita futi 10,000, kimo ambacho kanuni zinadai oksijeni kikiendelea zaidi ya nusu saa. Rubani mwenye busara atapita upande wa bonde la Usangu, juu ya barabara kuu na reli ya TAZARA, ardhi ilikoshuka. Huo uamuzi wa njia, unaofanywa na penseli kabla ya injini kuwaka, ni sehemu ya kuruka kwa ala kama zilivyo sindano za dashibodi. Linganisha na Florida, jimbo lenye shule nyingi za urubani zinazopokea wanafunzi kutoka duniani kote: sehemu yake ya juu kuliko zote ina futi 345. Saa 40 za kule na saa 40 za huku huandikwa kwa tarakimu ileile.

Ajali za kanda yetu zinaelekeza kidole kwenye makutano hayo ya wingu na mlima. Tarehe 1 Septemba 1999 ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Serengeti kwenda Kilimanjaro iligonga Mlima Meru, watu 12 wakafa. Tarehe 5 Juni 2018 ndege iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare, wakafa 10. Tarehe 10 Juni 2024, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ndege ya jeshi la Malawi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ikageuza kurudi Lilongwe, ikaangukia msitu wa Chikangawa, na watu wote 9 wakafa. Sisemi kwamba marubani hao walikosa mafunzo, wala kwamba kila ajali ilikuwa na chanzo kimoja. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyefia kwenye njia ya kutulia. Ardhi iliwakuta safarini, na ajali mbili kati ya tatu zilitokea katika Juni ile ile ya kusi na mawingu ya chini.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba idhini ya ala haina maana Njombe maadamu uwanja huo hauna mitambo ya redio ya kumwongoza rubani hadi chini. Thamani kubwa ya idhini hiyo huku ni kutoka: kupanda hadi kimo salama, kuomba njia, na kwenda Songwe, Iringa au Dar es Salaam ukiwa na mafuta ya kutosha. Wengine watanikumbusha Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ambako ATR 42 ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria karibu na kiwanja katika hali mbaya ya hewa na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha. Marubani wa ndege ya aina ile hawawezi kuajiriwa bila idhini ya ala. Kumbe idhini si ngao. Hilo nalikubali kwa moyo mzito, na ndilo linalonifanya nidai kwamba cheti kisitazamwe kama mwisho wa habari. Ustadi wa ala huchakaa haraka kama makali ya jembe: Marekani humtaka mwenye idhini awe amefanya mikaribio sita ya kutua kwa ala ndani ya miezi sita, la sivyo asiingie wingu akiwa kiongozi.

Linabaki suala la gharama na usalama wa mwanafunzi. Saa ya ndege ni ghali mara kadhaa kuliko saa ya simuleta, na vijana wengi wa Kitanzania wamelazimika kwenda Kenya au Afrika Kusini kutafuta leseni kwa fedha za familia. Sipendekezi kuwaongezea saa 20. Napendekeza kwamba katika zile 10 za hewani, tano ziwe ndani ya wingu halisi, na safari moja ipite nyanda za juu, kwa mfano Dar es Salaam hadi Iringa hadi Songwe, mwezi Juni au Julai, mwalimu pembeni, juu ya kimo salama kilichokokotolewa na mwanafunzi mwenyewe. Hiyo ni safari ya zaidi ya maili 250, umbali ambao Marekani tayari inaudai kwa safari moja ya mafunzo ya ala. Wingu la kusi juu ya nyanda hizo ni tulivu ukilinganisha na mawingu ya radi ya Machi, na barafu hewani kwenye latitudo zetu huanza juu kabisa ya vimo hivi. Mahali pa kuandika saa hizo pamekwisha kuchapishwa: madaftari mengi ya marubani yana safu mbili, moja ya ala za kuigiza na nyingine ya ala halisi. Leo ile ya pili inaweza kubaki na sifuri kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mkaguzi akapiga muhuri.