Ghala Lisilo na Mizani

Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu niliandika kwamba ghala la pamba la kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ni "mnara wa umoja wa wakulima". Niliipenda sentensi hiyo mpaka nilipomsomea babu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na mizani umeiweka wapi?"

Sikuwa nimeiweka popote. Nilikuwa nimeeleza kuta, bati lililoliwa na kutu na maandishi yaliyofutika juu ya mlango. Ndiyo mazoea yetu tunaoandika kuhusu majengo ya zamani: tunapiga picha ya kutu, tunasikitika kidogo, kisha tunasema hiyo ni historia.

Ushirika wa Usukuma haukuanzia kwenye kuta. Ulianzia kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliwashuku wanunuzi wa pamba kwamba wanawapunja uzito, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikawa na muungano wao, VFCU, chini ya Paul Bomani. Ulipofika uhuru, muungano huo ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba ya kanda ya ziwa na ulimiliki viwanda vya kuchambulia. Ghala la kijiji lilikuwa kivuli cha mizani tu.

Kitabu ninachokitegemea zaidi ni cha G. Andrew Maguire kuhusu siasa za Usukuma, kilichotoka mwaka 1969. Bado kina thamani kubwa. Lakini kilitoka miaka 7 kabla Serikali haijavunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Mwandishi hangeweza kuyajua ya mbele. Kosa ni letu tunaomnukuu leo kana kwamba hadithi iliishia pale alipoweka kalamu chini. Sheria ya 1982 ilivirudisha vyama. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Katika rasimu yangu, miaka yote hiyo ilipata aya moja.

Babu ana bahasha ya kaki anayoihifadhi chini ya godoro. Ndani mna stakabadhi za pamba aliyoipeleka msimu mmoja baada ya vyama kurudi. Anasema ilipimwa vizuri, hakupunjwa hata kilo. Ila hakulipwa mpaka leo. Kizazi chake kilipigania mizani kikaipata, kisha kikagundua kwamba mwenye mizani si lazima awe mwenye sanduku la fedha.

Hilo ndilo neno langu la "mnara" lilikuwa likilificha. Na si suala la mtindo wa uandishi tu. Miaka ya karibuni pamba imerudi kuuzwa kupitia AMCOS, na vijana wa kijijini wananiuliza mimi msomi kama ghala likarabatiwe. Nikilisifu tu, nawaandaa kudhulumiwa tena. Nikilibeza, nawanyima chombo pekee ambacho wazee wao waliwahi kukitumia wakashinda.

Nimeifuta ile sentensi. Sura sasa inaanza na stakabadhi moja: kilo, tarehe, sahihi ya karani, na nafasi ya malipo, ambayo iko tupu.