Serveri ya karibu: karibu na nani?

Nimesoma mara tatu ile makala ya Google ya mwaka 2003 juu ya mfumo wao wa kuweka mafaili, ya Ghemawat, Gobioff na Leung. Miye ni mtu wa agronomia, si wa informatike, kwa hiyo wenzangu wa informatike mutanisamehe nikikosea jina la kitu. Ni makala nzuri, na bado naipendekeza kwa kila mwanafunzi anayeweza kuipata. Lakini iko na sentensi moja ambayo watu wameibeba vibaya, na matokeo yake niliyaona ku shamba.

Mulango wangu ulikuwa huu. Tulikuwa na orodha ya mashamba ya muhogo ya Walungu, yale tunayokatia miti ya kugawia wakulima. Orodha iko ku serveri mbili, moja kwenye koridoo ya biro yetu Bukavu, ingine Ulaya. Mwenzetu aliyekuwa anafanyia kazi kule Ulaya alikuwa amefuta mashamba mawili juu ya mozaiki. Ordinatere yangu ikachagua serveri ya koridoo, juu ndiyo iko karibu. Nakala yake ilikuwa na siku tisa. Tukaenda, tukakata miti mu shamba lililofutwa, tukaigawa. Na mozaiki, wenye kusoma agronomia munajua, inasafiri ndani ya mti wenyewe unaoupanda. Fundi akaniambia: «Mashine haikukosea, imechukua ya karibu.» Njo nikaanza kutafuta nani alisema karibu inatosha.

Kwa Google, faili inakatwa vipande vya megabaiti 64, na kwa kawaida kila kipande kinakaa ku serveri tatu. Programu inayosoma inauliza serveri-kiongozi nakala ziko wapi, inapewa majina, halafu inachagua yenyewe, mara nyingi ile ya karibu. Umbali wanaujua namna gani? Pale wanapoongelea kuandika, mahali kila mashine inasukumia data kwa mwenzake wa karibu, wanasema rezo yao ni rahisi kiasi cha kuweza kukadiria umbali kwa kutazama adrese IP tu.

Rezo yao. Waliivuta wenyewe, adrese wakazigawa wenyewe, kama mtu aliyepanda kwa mistari: ukimwambia mstari wa saba, anajua ni hatua ngapi. Sentensi ni ya kweli ndani ya ua wao, na waandishi wenyewe waliweka mpaka wake. Siwalaumu hapo. Nalaumu sisi tuliobaki na «chagua ya karibu» na tukaacha mpaka nyuma. Siku moja nilifuata njia ya data kutoka biro yetu mpaka mashine ya rafiki, mu Bukavu humu humu, lakini kwa mtu mwingine wa intaneti. Ilipanda mpaka Ulaya, ikarudi. Kwa miguu ni dakika kumi na tano.

Kosa hili ni la zamani kuliko Google. AFS, iliyozaliwa ku Carnegie Mellon, Pittsburgh, miaka ya 1980, inapanga serveri kwa namba, na ndogo njo bora. Serveri iliyo mu mashine yako inaanza na 5000, ya kipande kimoja cha rezo 20000, ya rezo moja 30000, zingine zote 40000, halafu inaongezewa namba ndogo ya bahati nasibu. Sasa fikiria uko Bukavu: Kampala ni 40000, Tokyo ni 40000. Ni kura inapigwa! Fundi anaweza kubadilisha namba kwa mkono, ni kweli, lakini ni wangapi wanaofanya hivyo? HDFS naiheshimu zaidi kwa hilo: haikisii kwa adrese, inangoja umwambie mashine gani iko mu kabati gani, na usipomwambia inachukua kwamba zote ziko kabati moja.

Lakini hata umbali ungepimwa vizuri, mashamba yangu mawili yangebaki kwenye orodha. Serveri ya koridoo ilikuwa karibu kweli. Shida ilikuwa umri wa nakala, na hapa sasa nina neno na makala yenyewe. Google wanapa kila kipande namba ya toleo, na kiongozi akiona nakala imebaki nyuma, haitaji tena kwa wanaouliza. Sawa. Ila programu inakumbuka majibu ya zamani kwa muda, na ndani ya muda huo inaweza kusoma nakala iliyochakaa. Wanakubali. Halafu wanatuliza: mafaili yao mengi yanaongezewa tu mwishoni, kwa hiyo nakala ya zamani kwa kawaida inaonekana imeisha mapema, haitoi habari mbovu.

Hapo njo niliposimama, mara zote tatu. Orodha yetu haikuwa ya kuongezea. Ilikuwa ya kufuta. Kwenye orodha ya kufuta, nakala ya zamani haionekani fupi, inaonekana imejaa, na kila mstari wake unasomeka vizuri. Jambo la namna hiyo lilistahili kuwekwa pale pale wanaposema «ya karibu», si ndani ya sehemu ingine.

Coda, mtoto wa AFS, ilitangazwa mwaka 1990 na ilikuwa imeshaliona. Data inaichukua kwa serveri moja inayoipenda, ndiyo, lakini inauliza na zile zingine zinazopatikana kama kuna yenye toleo jipya zaidi. Bei yake ni kungoja.

Biro yetu sasa inalipa bei hiyo. Orodha inachukua karibu nusu dakika kufunguka, juu inauliza Ulaya kwanza, na koneksio ikikatika haifunguki kabisa. Wenzangu wanalalamika kila asubuhi, na fundi amenipa jina la «mzee wa kungoja». Yule mama wa Walungu aling'oa muhogo wake wote mwezi wa pili.