Leo Tolstoy na Riwaya ya Kihistoria: Askari Aliyegeuka Mwandishi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, swali kuhusu riwaya ya kihistoria huwa na mtego. Watahiniwa wengi huorodhesha matukio na miaka, kisha wakadhani wamehakiki. Orodha hiyo ni somo la historia. Mhakiki hana budi kuuliza: mwandishi ameifanyia nini historia hiyo, na kwa nini? Maisha ya Leo Tolstoy wa Urusi yanatusaidia kulijibu swali hili.

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika ukoo wa kikabaila huko Yasnaya Polyana. Mwaka 1851 alimfuata kaka yake katika milima ya Kaukazi, na mwaka uliofuata akajiunga na kikosi cha mizinga. Wakati wa Vita vya Krimea alipigana Sevastopol, mji uliozingirwa kuanzia 1854 hadi 1855. Visa alivyoandika kuhusu mji huo vilimjengea jina. Aliacha jeshi mwaka 1856.

Zikumbuke tarehe hizo unapoisoma Vita na Amani, aliyoiandika kati ya 1863 na 1869. Riwaya hii inasimulia mapambano ya Urusi na Napoleon, kuanzia 1805 hadi uvamizi wa 1812. Wakati huo Tolstoy hakuwa amezaliwa. Alisoma vitabu vya historia, na mwaka 1867 akauzuru uwanja wa Borodino. Hofu ya askari, hata hivyo, aliijua tangu Sevastopol.

Mtazame Nikolai Rostov katika mojawapo ya mapigano yake ya mwanzo. Kijana huyu aliyeota ushujaa anamrushia adui bastola badala ya kuifyatua, kisha anatimua mbio. Huko Borodino, mwandishi anamtumia Pierre, raia asiyejua mambo ya vita, ili tuione kwa macho yake fujo ambayo majemadari huiita mpango. Napoleon naye anatoa amri zisizotekelezeka, kwani zinapofika hali imekwisha kubadilika. Hapo pana kinaya: anayedhani anaviongoza vita ndiye asiyevielewa.

Usawiri huu una kasoro zake. Napoleon amechorwa kwa dharau hadi anakaribia kuwa kikaragosi, ilhali Kutuzov, jemadari wa Urusi, anatukuzwa. Aidha, sehemu ya mwisho ni mhadhara mrefu wa falsafa ya historia, na msuko unasimama. Mtahiniwa akiyataja haya kwa ushahidi, hajamvunjia mwandishi heshima; amehakiki.

Katika Hadji Murat, iliyochapishwa mwaka 1912, miaka miwili baada ya kifo chake, Tolstoy anarejea Kaukazi. Safari hii mhusika mkuu ni Mwislamu wa milimani, na tunaonyeshwa majonzi ya wanakijiji ambao makao yao yameteketezwa na jeshi la Urusi, jeshi lile lile alilolitumikia mwandishi. Mtazamo wake ulikuwa umepanuka.

Sisi pia tuna vita vyetu. P. M. Kareithi alivisimulia vita vya Mau Mau katika Kaburi Bila Msalaba (1969). Unapoisoma riwaya ya aina hii, jiulize: tukio linaonekana kwa macho ya nani? Nani amenyimwa sauti? Mwandishi ameegemea upande upi, na ushahidi uko wapi katika matini? Anayeyajibu maswali hayo atakuwa amevuka orodha ya tarehe na kuingia katika uhakiki.