Ndoto na Hadhira: Kutoka Worcester hadi Mlima Elgon

Septemba 1909, Sigmund Freud alitoa mihadhara mitano katika Chuo Kikuu cha Clark, mjini Worcester, Marekani, akiwajulisha wageni wa fani hiyo uchanganuzi wa nafsi. Alisema kwa Kijerumani, bali hakuidharau hadhira: alianza na kisa cha mgonjwa mmoja, ndipo akaingia katika ndoto na matamanio yaliyofichwa. Msikilizaji alihesabiwa kuwa mtu awezaye kupima hoja.

C. G. Jung naye alihutubu huko. Mwaka 1925 alifika Kenya, akapanda reli ileile ambayo wafanyakazi wake walikuja kukaa Makongeni, hatimaye akabarizi na wazee wa Mlima Elgon. Aliwauliza habari za ndoto kwa Kiswahili, japo cha kuungaunga. Mganga mmoja mzee alijibu kwamba tangu Wazungu waje ndoto hazihitajiki, kwani Waingereza wanajua kila kitu.

Katika kumbukumbu zake, zilizotoka 1962, Jung aliyaona machozi ya mzee na kuusikitikia ulimwengu unaokufa. Hapo ndipo maandishi yanapopwaya. Jibu lile ni hoja juu ya utawala, tena lina kejeli (Mkuu wa Wilaya alijua kila kitu, hasa kodi), lakini msemaji amefanywa kielelezo. Mwaka 1954 J. C. Carothers, aliyekuwa daktari wa Mathari, aliiandikia serikali ya kikoloni juu ya saikolojia ya Mau Mau. Humo madai ya ardhi yalififia mbele ya misukosuko ya nafsi.